Hofu kabla ya upasuaji: Kushikwa mkono kunasaidia, lakini si kila mguso

Usiku wa kuamkia operesheni ni mrefu. Mgonjwa ameambiwa asile kitu, pete na hereni kamkabidhi ndugu, fomu ya ridhaa keshaisaini. Asubuhi anavalishwa gauni, anapandishwa kwenye kitanda cha magurudumu na kusukumwa hadi kwenye mlango mkubwa. Hapo ndugu yake anaambiwa, "Mwisho hapa, subiri nje."

Kuanzia hapo mgonjwa anabaki peke yake na hofu yake.

Na wenye hofu hiyo si wachache. Uchambuzi uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2020, ulikadiria kuwa karibu nusu ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji huwa na hofu. Kuna wanaoogopa kisu chenyewe. Kuna wanaoogopa zaidi nusu kaputi: kwamba hawataamka, au wataamka katikati ya kazi daktari akiwa bado anashona. Mwingine anaona haya kuvuliwa nguo mbele ya watu asiowajua. Mwingine anawaza bili, na nani atawapikia watoto.

Je, kukandwa mikono, kubonyezwa katikati ya nyusi, au kushikwa mkono tu, kunaweza kumtuliza mtu wa namna hii? Jibu fupi ni ndiyo, kwa kiasi fulani na kwa muda. Ila zipo huduma za mguso zinazouzwa kwa maelezo makubwa kuliko ushahidi wake, na ipo miguso inayoweza kumuumiza mgonjwa.

Hofu inafanya nini mwilini

Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, viganja vinatoka jasho la baridi. Mishipa midogo ya mikononi hubana, ndiyo maana muuguzi anaweza kuhangaika kutafuta pa kuweka dripu kwa mtu ambaye jana yake mshipa ulionekana wazi.

Presha ni jambo la kutazama kwa makini. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unasema operesheni ya kupangwa inaweza kuendelea iwapo presha iliyopimwa kliniki iko chini ya 180 kwa 110. Inapovuka hapo, inaweza kuahirishwa. Kwa mtu aliyesafiri siku nzima kwa basi hadi hospitali ya rufaa, akalipia na chumba cha ndugu wa kumsindikiza, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya presha iliyopandishwa na woga ni hasara ya kweli. Wapo pia wanaojirudisha wenyewe: siku ikifika hawaonekani, na uvimbe unaendelea kukua.

Mbona wasipewe tu kidonge?

Kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanyika, na bado kuna mahali inafanyika: mgonjwa anapewa dawa ya kutuliza saa chache kabla ya kuingia. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,062. Baadhi walipewa lorazepamu, wengine kidonge kisicho na dawa, wengine hawakupewa chochote. Waliopewa dawa hawakuridhika na huduma kuliko wenzao, tena walichelewa zaidi kutolewa mpira wa kupumulia na akili zao zilichelewa kurudi sawasawa.

Hilo halina maana kwamba dawa hizo hazifai kabisa. Kuna wagonjwa wanaozihitaji, na anayeamua ni daktari wa usingizi. Lakini matokeo hayo yaliwafanya wengi waangalie upya njia zisizo za dawa, na mguso ni mojawapo.

Kukanda si jambo geni

Kwa Waswahili, mambo haya yana majina ya zamani kuliko neno masaji. Kuna kuchua, ambako misuli iliyokaza hufuatwa kwa vidole. Kuna kukanda, mara nyingi kwa kitambaa na maji ya moto, kama afanyiwavyo mzazi. Pwani bibi harusi husingwa. Na anayeumwa haachwi hivi hivi: atakuja shangazi amshike mguu, atakuja mchungaji amwekee mkono kichwani, au atasomewa dua huku mkono umewekwa kifuani.

Kwa hiyo wazo la kumtuliza mgonjwa kwa mkono halikuletwa na watalii wa hoteli za ufukweni. Kilichoongezwa na watafiti ni kupima: mtu anapewa maswali kabla na baada, anapimwa mapigo na presha, pengine na damu, kisha analinganishwa na mwingine ambaye hakuguswa.

Ushahidi wa mtoto wa jicho

Mahali pazuri pa kuona jambo hili ni upasuaji wa mtoto wa jicho. Mara nyingi mgonjwa hupigwa ganzi ya jicho tu, hivyo yuko macho. Uso umefunikwa kitambaa, anasikia vyuma vikigongana, anasikia kila neno, na ameambiwa asitikise kichwa. Mwenye umri wa bibi au babu, katika hali hiyo, hata dakika 15 anaziona kama saa nzima.

Mwaka 2001 tafiti mbili za Korea Kusini ziliangalia wagonjwa wa aina hii. Katika mmoja, walikandwa mikono kwa dakika chache kabla ya upasuaji. Katika mwingine, muuguzi aliwashika mkono wakati kazi ikiendelea. Tafiti zote mbili zilikuta hofu imepungua kuliko kwa wale ambao hawakuguswa, na vipimo vya damu navyo vilionyesha tofauti katika homoni za msongo, ikiwemo adrenalini.

Huo wa pili ndio wa kuzingatia, maana hakuna ufundi wowote ndani yake. Mtu kashikwa mkono, basi. Baadhi ya hospitali za macho zina mtu wa kazi hiyo kabisa, na huutumia mkono huo kama kengele: mgonjwa akitaka kukohoa au akisikia maumivu, anaminya, daktari anasimama kwanza.

Kwa nini mkono unatuliza

Sehemu ya maelezo iko kwenye ngozi. Watafiti wa Sweden wameonyesha kuwa ngozi yenye vinyweleo, kama ya mkono wa mbele na nyuma ya kiganja, ina nyuzi za fahamu zinazoitikia zaidi mpapaso wa polepole. Kasi inayoziamsha vizuri ni kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, ambayo ndiyo ileile watu wanayoitaja kuwa inapendeza. Mama anayembembeleza mtoto huwa yuko humohumo bila kupimiwa na mtu. Kusugua harakaharaka, kama mtu anayefuta meza, hakuziamshi vilevile.

Sehemu nyingine iko kichwani. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake wa Marekani waliwaweka wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawatishia kwamba huenda watapigwa shoti ndogo ya umeme. Walioshika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazohusika na hatari zilitulia. Mkono wa mtu wasiyemjua nao ulisaidia, ila kidogo. Na wale wenye ndoa yenye maelewano walitulia zaidi. Yaani ubongo unaangalia pia huo mkono ni wa nani.

Hapa ndipo utaratibu wa hospitali nyingi unapogongana na faida yenyewe. Mwenye mkono unaofaa zaidi ndiye anayeachwa nje ya mlango. Sababu zipo, kuanzia usafi hadi ufinyu wa nafasi, na si rahisi kuzipuuza. Lakini kati ya wodi na mlango huo kuna saa nyingi za kusubiri, na hizo hazikatazwi. Ndugu wengi huzimalizia kwenye simu au kwenye foleni ya malipo.

Kubonyeza katikati ya nyusi

Akupresha ni ndugu wa tiba ya sindano ya Kichina, ila hapa hutumika kidole badala ya sindano. Kwa hofu, sehemu inayotajwa zaidi ni ile ya katikati ya nyusi mbili, juu kidogo ya mzizi wa pua. Wachina huiita Yintang.

Utafiti wa India wa mwaka 2005 ulichukua wagonjwa 76 waliokuwa wakisubiri upasuaji. Kundi moja lilibonyezwa hapo kwa dakika 10, jingine likabonyezwa mahali pasipohusika. Kundi la kwanza lilitulia zaidi, hata kwenye mashine inayosoma mawimbi ya ubongo. Ila dakika 30 baada ya kidole kuondolewa, tofauti ilikuwa imeisha. Huko Marekani, mwaka 2008, watoto 52 wa miaka 8 hadi 17 waliokuwa wakisubiri kipimo cha kamera walibandikwa kishanga kidogo cha kubonyeza. Waliobandikwa katikati ya nyusi hofu yao ilishuka, waliobandikwa kwingine haikushuka. Dawa ya usingizi iliyohitajika lakini ilikuwa ileile.

Hiyo nusu saa ina maana yake. Mgonjwa anayebonyezwa saa mbili asubuhi na kuingia saa sita mchana hajapata kitu cha kumfikisha mlangoni. Wakati mzuri ni karibu na zamu yake.

Sehemu nyingine maarufu iko ndani ya kifundo cha mkono: vidole vitatu kutoka kwenye mstari wa kiganja, katikati ya kano mbili. Hii si ya hofu hasa, ni ya kichefuchefu. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2015, uliokusanya tafiti 59 zenye watu zaidi ya 7,600, ulikuta kuichochea kunapunguza kichefuchefu na kutapika baada ya operesheni. Kwa anayeogopa kutapika akizinduka, kujua hivyo tu kunapunguza mzigo.

Miguu na mikono isiyogusa

Rifleksolojia, yaani kubonyeza nyayo, ina ramani inayodai kila sehemu ya unyayo imeunganishwa na kiungo fulani: hapa ini, pale figo. Ramani hiyo haijathibitishwa. Kukandwa miguu kwa utulivu kunaweza kumburudisha mtu kweli, lakini hakuhitaji ini liwe kisiginoni. Anayemwambia mgonjwa kwamba akibonyezwa hapo uvimbe utayeyuka na operesheni haitahitajika, huyo si wa kusikilizwa.

Reiki ilianzishwa Japan na Mikao Usui mwaka 1922, na mtoa huduma huweka mikono juu ya mwili au karibu nao akisema anapitisha nguvu. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2015 haukupata ushahidi wa kutosha kusema kama inasaidia watu wenye wasiwasi na sonona. Ipo pia ile ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1972 na muuguzi Dolores Krieger pamoja na Dora Kunz, ambayo licha ya kujiita tiba ya mguso, mara nyingi haigusi kabisa. Mikono hupitishwa hewani kusawazisha "uga wa nguvu" wa mgonjwa.

Aliyeiumbua ni mtoto. Emily Rosa akiwa na miaka 9 aliwaketisha watoa huduma 21 nyuma ya kizuizi cha karatasi ngumu, wakapitisha mikono yao upande wa pili bila kuona. Yeye alisogeza kiganja chake juu ya mkono mmoja wao, wakatakiwa kusema ni upi. Walipatia mara 123 kati ya 280, asilimia 44, chini hata ya kubahatisha. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1998 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Je, mgonjwa anayesema alitulia alidanganya? Hapana. Kukaa na mtu asiye na haraka, anayekutazama na kukusikiliza, kunatuliza. Kinacholeta matatizo ni bei ya maelezo yanayoongezwa juu yake.

Udhaifu wa tafiti hizi

Nyingi ni ndogo, za watu makumi kadhaa. Halafu huwezi kumficha mtu kwamba anakandwa, kama unavyoficha kidonge cha unga. Anajua, na anaweza kujibu maswali kwa matumaini au kwa adabu tu. Ndiyo maana hofu inayosemwa na mgonjwa mara nyingi inashuka kuliko presha na mapigo, ambayo matokeo yake yanatofautiana kati ya utafiti na utafiti.

Kwa hiyo anayetumia dawa za presha asiziache eti kwa sababu atakandwa. Maelekezo ya dawa asubuhi ya operesheni yanatoka kwa daktari, si kwa mkandaji.

Namna inavyofanywa

Kukanda mikono hakuhitaji kitanda maalumu. Ndugu ananawa, anakaa upande ambao hauna dripu, anauliza kwanza: "Nikushike?" Anaupokea mkono kwa mikono yake miwili na kuutuliza hivyohivyo kwa muda kabla ya kuanza. Kisha anapapasa polepole kutoka kwenye kiwiko kushuka hadi vidoleni, anazungusha gumba juu ya kiganja, anavuta kidole kimoja kimoja bila kukialisha. Dakika 5 kwa kila mkono zinatosha. Mkono wenye sindano hauguswi.

Mazungumzo si lazima. Habari za fulani aliyefia mezani ndizo zisizotakiwa kabisa, na kwa bahati mbaya kila wodi ina mgeni wa kuzileta.

Mafuta ni suala jingine. Wagonjwa wengi huogeshwa kwa sabuni au dawa ya kuua vijidudu, na wakishaoga hawatakiwi kupakwa chochote. Ngozi yenye mafuta huzuia vibandiko vya mashine kushika. Hivyo mafuta ya nazi na ya karafuu yabaki nyumbani, mikono mitupu inatosha. Rangi ya kucha nayo hutolewa, maana kifaa cha kupima oksijeni huvalishwa kidoleni.

Ridhaa haina mjadala. Wapo watu ambao kuguswa kunawaongezea hofu, hasa waliowahi kudhalilishwa. Wapo wanaotaka kuguswa na mwanamke mwenzao tu, au na maharimu wao. Mgonjwa akiuvuta mkono, jibu limeshapatikana.

Pa kutogusa

Mguu uliovimba upande mmoja, unaouma na wenye joto, haukandwi. Huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na kukanda kunaweza kusogeza bonge hilo hadi kwenye mapafu. Tahadhari hiyohiyo inamhusu aliyevunjika nyonga au paja na kulala siku kadhaa akisubiri zamu.

Tumbo linalosubiri kupasuliwa haliguswi, liwe la kidole tumbo, la utumbo uliojifunga au la mjamzito mwenye kovu la upasuaji wa awali. Kukandwa tumbo la namna hiyo kumewafikisha watu hospitali wakiwa hali mbaya zaidi. Vilevile penye uvimbe, jeraha, majipu, kuungua au mfupa uliovunjika, na kwa mwenye tatizo la damu kutoganda.

Na wakati wa kubembeleza, chai ya tangawizi ya "kutuliza moyo" isipenyezwe. Kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla ya nusu kaputi na maji matupu saa 2, isipokuwa hospitali iseme vingine. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mgonjwa akiwa usingizini. Dawa za mitishamba alizokunywa wiki hiyo zitajwe zote.

Watoto ni hesabu tofauti

Wazazi wengi hudhani wakiruhusiwa kuingia hadi mtoto alale, hofu yake itaisha. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2015, ulikuta uwepo wa mzazi wakati mtoto analazwa usingizi haupunguzi hofu ya mtoto. Mzazi anayetetemeka anamwambukiza. Mkono wa mama unafanya kazi vizuri zaidi kabla ya hapo, wodini, mama mwenyewe akiwa ameshaelezwa kitakachotokea.

Maelezo hayo hata mtu mzima anayahitaji. Madaktari wa Uholanzi walitengeneza mwaka 1996 kipimo cha hofu ya upasuaji chenye maswali 6 tu: manne ya hofu, mawili ya kama mgonjwa anataka kujua zaidi. Waliyaweka pamoja kwa sababu mambo hayo mara nyingi hutembea pamoja. Anayeogopa kwamba hataamka anahitaji kumsikia mtaalamu wa usingizi akimweleza kwamba atakaa naye muda wote, akiangalia pumzi na mapigo yake hadi azinduke. Swali hilo linaulizwa jioni daktari anapopita wodini, na kama mgonjwa anashindwa kulitamka, ndugu aliyemshika mkono anaweza kumuulizia.